STEVEN KANUMBA: MWIGIZAJI ALIYETUFUNDISHA KUSEMA "NAOMBA"

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili la jarida la chama chetu nimeonelea nikueleze habari za mtu mmoja ambaye nina hakika umewahi kumwona hata kama jina lake limekutoka. Ikiwa umekulia katika kambi za chai hapa Kericho au kule Bomet, au umewahi kupanda basi la usiku lenye runinga, basi umemwona. Huyo si mwingine bali ni marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu kutoka Tanzania.

Najua wapo watakaouliza, "Mwigizaji ana faida gani kwa mwanafunzi? Kwani ataulizwa katika mtihani?" Ngojeni kidogo. Nina sababu yangu, na nitaitaja kabla sijaweka kalamu chini. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Lakini imenenwa pia kwamba nabii hakubaliki kwao. Maisha ya Kanumba yamebeba maneno hayo yote mawili.

NILIVYOMFAHAMU

Kanumba alipofariki mwaka wa 2012 mimi nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Niliyemsikia akimtaja ni mama yangu, ambaye huchuma chai. Wakati huo katika laini yetu ni jirani mmoja tu aliyekuwa na runinga na deki. Jumamosi jioni baada ya mshahara, watu walijaa kwake mpaka wengine wakachungulia dirishani. Mama anasema mlangoni viatu vilikuwa vingi hadi mtu angeweza kuondoka na cha mwenzake bila kujua.

Si unajua kambi ya chai ilivyo? Mlango huu ni Mkipsigis, ule ni Mkisii, unaofuata ni Mluo, na yule wa mwisho ni Mluhya. Kila mmoja ana lugha yake akiwa kwake, lakini kwenye mizani ya majani chai wote huongea Kiswahili. Sasa ikiwekwa filamu ya Kiingereza, lazima mmoja aliyesoma aeleze, na akichoka kueleza watu hulala. Ikiwekwa ya Kihindi, watu hukisia tu: yule mwenye masharubu makubwa ndiye mbaya, na ngoma zikilia ujue ngumi zinakuja. Lakini ikiwekwa ya Kanumba, hakuna wa kumweleza mwenzake. Hata kogo wangu, nyanya yangu mzaa mama, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alicheka mahali pa kucheka na kulia mahali pa kulia.

Mama alihifadhi diski zake ndani ya kopo la biskuti. Mimi nilizipata humo nikiwa darasa la tano, zikiwa na mikwaruzo, na ndipo nikaanza kumtazama mtu huyo.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, watu wa ng'ombe na pamba. Alisoma Shule ya Msingi ya Bugoyi palepale Shinyanga, na baadaye akaenda Dar es Salaam ambako alisoma Jitegemee.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sisi Kenya tumekuwa na runinga tangu 1962, kabla hata ya uhuru. Zanzibar walipata yao miaka ya sabini. Lakini Tanzania Bara walikaa bila kituo chochote cha runinga mpaka 1994. Ina maana kwamba Kanumba alifikisha miaka kumi katika nchi ambayo haikuwa na kituo cha kumwonyesha mtu akiigiza! Redio walikuwa nayo, na michezo ya jukwaani pia, lakini picha kutoka hewani hapana. Kwa hivyo kizazi chake ndicho kilichokuta mlango umefunguliwa ghafla, na wenye mbio wakaingia.

KUINGIA KAOLE

Mwaka wa 2002 alijiunga na kikundi cha Kaole Sanaa Group cha Dar es Salaam. Kikundi hiki kilitoa michezo ya kuigiza iliyoonyeshwa katika kituo cha ITV, na watu waliingojea kila wiki. Humo alikutana na vijana wengine ambao baadaye walivuma pamoja naye, kama Vincent Kigosi ambaye mashabiki humwita Ray, na Blandina Chagula anayejulikana kwa jina la Johari.

Wacha nikuambie kwa nini hili ni muhimu. Watu hudhani nyota wa filamu huokotwa barabarani kwa sababu ana sura nzuri. Sivyo. Mchezo wa kila wiki ni kazi: unahifadhi maneno mapya, unayasema mbele ya kamera, na wiki inayofuata unaanza upya. Ukikosea, nchi nzima imekuona. Kanumba alipitia shule hiyo kabla hajaitwa nyota. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

FILAMU ZA BONGO ZILIVYOTENGENEZWA

Wengi husema kwamba filamu za kisasa za Kitanzania, yaani Bongo Movie, zilishika moto na filamu iliyoitwa Girlfriend ya mwaka 2003. Na je, unajua aliyeiongoza? Ni George Otieno Tyson, Mkenya aliyehamia Dar es Salaam. Alifariki katika ajali ya barabarani huko Tanzania mwaka wa 2014. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba Wakenya hatuna mkono katika filamu za Kiswahili, mkatalie kwa heshima.

Filamu hizi hazikutegemea majumba ya sinema. Zilipigwa kwa kamera za video, kwa siku chache tu, zikatiwa kwenye diski na kuuzwa madukani na sokoni. Hadithi moja iligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na kila sehemu ikauzwa peke yake. Ndiyo maana filamu ilikatika hapohapo palipokuwa patamu, bibi amefungua mlango na kumkuta bwana na mwingine, kisha maandishi yanatokea! Mtu anabaki ameshika kichwa mpaka apate sehemu ya pili. Ukitazama sana utaona pia jumba lilelile na sofa zilezile katika filamu tatu tofauti, kwa sababu pesa zilikuwa chache na nyumba ya kuazima ni nyumba ya kuazima.

Msambazaji mkubwa wa wakati huo alikuwa kampuni ya Steps Entertainment ya Dar es Salaam. Mara nyingi mtengenezaji aliuza haki ya filamu yake kwa msambazaji na kulipwa kwa mkupuo mmoja. Diski zikiuzwa laki moja au milioni, yeye alikuwa amekwisha kulipwa zake na basi.

KANUMBA AVUKA MIPAKA

Miaka hiyo filamu za Naijeria zilikuwa zimetapakaa Afrika nzima. Wengine walizitazama wakanung'unika kwamba zinatumaliza soko. Kanumba aliamua kwenda nazo. Mwaka wa 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, filamu iliyowaunganisha waigizaji wa Tanzania na wa Naijeria, akiwemo Mercy Johnson. Mwaka wa 2008 ikatoka Oprah, aliyoigiza na Ray pamoja na Irene Uwoya, hadithi ya mapenzi na usaliti iliyowafanya watu wagombane majumbani kuhusu nani ana makosa. Kisha kuna Uncle JJ, ambamo yeye ni mjomba anayehangaishwa na watoto. Hiyo ndiyo kogo aipendayo kuliko zote, kwa sababu anasema watoto wale ni sisi. Mwaka wa 2011 alitoa Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah, yule nyota wa Naijeria ambaye dada zetu wakubwa walibandika picha zake ukutani. Msukuma wa Shinyanga na Ramsey katika filamu moja!

Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba the Great Film, na mashabiki wakamwita "The Great", yaani Mkuu. Alitazamwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, kote ambako watu huelewa Kiswahili.

Wapenzi wa filamu za Kihindi miongoni mwenu watamkumbuka Rajinikanth, nyota wa filamu za Kitamil za kusini mwa India. Kabla ya kuwa nyota alikuwa utingo wa basi katika jiji la Bangalore, na filamu yake ya kwanza ilitoka 1975. Wahindi wa kusini wanampenda kwa sababu anawaburudisha kwa lugha wanayoielewa, hawangoji filamu za Kihindi cha kaskazini wala za Marekani. Naona Kanumba alikuwa hivyo kwetu. Tofauti ni kwamba Rajinikanth amepewa miaka mingi ya kuigiza, na Kanumba hakupewa.

WALIPOMCHEKA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka wa 2009 Kanumba alialikwa kutembelea jumba la Big Brother huko Afrika Kusini, kipindi kilichotazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Humo lugha ni Kiingereza. Basi akaongea Kiingereza chake, na Kiingereza chake hakikunyooka. Jamani, alichekwa! Na waliomcheka zaidi hawakuwa wageni. Walikuwa ni watu wa kwao, Watanzania wenzake, ati amewaaibisha. Mtu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mipaka yote niliyoitaja alidharauliwa kwa sababu ya lugha ya watu wengine.

Hata hivyo sitaki kumfanya malaika. Hebu tazama majina ya filamu nilizozitaja: Oprah, Uncle JJ, Devil Kingdom. Ndani ni Kiswahili, nje ni Kiingereza! Ni kama mtu apike kimyeti na mboga, halafu aandike mlangoni kwamba anauza pizza. Nadhani yeye na wenzake waliamini kwamba jina la Kiingereza huuza. Labda liliuza. Lakini naona ni ugonjwa uleule wa wale waliomcheka. Nafurahi kwamba moja ya filamu zake za mwishomwisho, ya mwaka 2012, iliitwa Ndoa Yangu.

KIFO CHAKE

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, ikiwa ni wikendi ya Pasaka, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Alianguka chumbani wakati wa ugomvi kati yake na mwigizaji mwenzake kijana, Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu. Madaktari walisema alikufa kwa mtikisiko wa ubongo. Kesi ilichukua miaka. Mnamo 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia Lulu hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka miwili. Mwezi wa Mei 2018 alitolewa gerezani amalizie adhabu yake kwa kuitumikia jamii. Mahakama imesema, na mimi ni mwanafunzi tu, sitaongeza neno.

Mazishi yalikuwa Jumanne tarehe 10 Aprili. Maelfu kwa maelfu walifika viwanja vya Leaders Club kumuaga, wengine wakazimia kwa msongamano na huzuni. Makamu wa Rais, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, alihudhuria. Akazikwa makaburi ya Kinondoni.

Na huku kwetu? Mama anakumbuka kwamba walisikia kwenye redio. Siku ile shambani wanawake walichuma kimya, kitu ambacho si kawaida kwa wachumaji. Mmoja wa Kisii akaanza kusimulia filamu ya Uncle JJ ilivyokuwa, wakacheka, kisha wakalia. Walikuwa hawajawahi kufika hata Namanga, lakini waliomboleza mtu wa Dar es Salaam kama mtoto wa jirani.

DENI LETU

Hapa lazima niseme ukweli hata kama unauma. Diski zile za mama nilizozikuta kwenye kopo la biskuti zilinunuliwa sokoni kwa shilingi hamsini, na katika diski moja kulikuwa na filamu kumi. Enyewe hesabu haihitaji mwalimu: filamu moja shilingi tano! Hakuna mwigizaji anayeweza kulipwa kutoka shilingi tano, na diski ya namna hiyo ilinakiliwa bila idhini. Tulimpenda Kanumba, tukamlilia, lakini hatukumlipa. Mkulima wetu hapa akipeleka majani kwenye kituo akapunjwa kilo mbili, kijiji kizima husikia kelele zake. Kwa nini basi tuone jasho la mwigizaji halina mizani?

SABABU YANGU

Niliahidi kutaja sababu, nami si mtu wa kuvunja ahadi. Mwaka jana tulipofanya mazoezi ya mchezo wa tamasha la drama, nilipewa nafasi ya kijana anayebishana na babake. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, "Baba, bado sijabadili nia." Sasa mimi ni Mkipsigis wa kutoka ndani kabisa, na ulimi wangu ukiwa na hofu hauijui herufi B. Nikasema, "Papa, pado sijapadili nia." Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Wengine waliniita "Papa" muhula mzima, na bado wapo wanaoniita hivyo, wanajijua. Nikabadilishiwa nafasi nikawa askari wa mlangoni, asiye na neno hata moja la kusema.

Niliporudi nyumbani nilitaka kuacha drama. Baba alifurahi kidogo, maana yeye husema uigizaji si kazi, ni mchezo wa watu wasio na shamba. Lakini usiku huo nilisoma habari za Kanumba kuchekwa mwaka wa 2009, na nikajiuliza: baada ya kuchekwa alifanya nini? Jibu ni rahisi. Alirudi kazini. Devil Kingdom na nyingine nyingi zilitoka baada ya kicheko kile.

Basi nami nikachukua diski za mama. Nilisikiliza sentensi moja, nikasimamisha, nikairudia kwa sauti. Kogo akiwa jikoni alikuwa mkaguzi wangu. Nikikosea anapiga sufuria kwa mwiko. Katika kurudia huko niligundua jambo. Katika filamu zile watu hawasemi "nipe" ovyo kama sisi. Mtoto husema "naomba maji", akikosea husema "samahani", na mkubwa huamkiwa "shikamoo". Siku moja niliingia hoteli ndogo karibu na stendi nikasema, "Naomba chai ya maziwa na mandazi mawili." Mama wa hoteli alinitazama, akaniuliza, "Wewe ni wa Mombasa?" Nikamwambia mimi ni wa hapahapa, wa kambini. Akaniongezea andazi la tatu bure. Kumbe neno moja la heshima lina thamani ya andazi!

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniambia neno ambalo sitalisahau: lafudhi ya kwenu si aibu, bali uvivu wa kufanya mazoezi ndio aibu. Mwaka huu nimepewa sentensi tatu katika mchezo. Ni tatu tu, lakini mbili zina herufi B, na nilizikubali nikijua.

HITIMISHO

Kwa hivyo, ndugu zangu wanafunzi na walimu wetu waheshimiwa, tunajifunza nini? Kwanza, kipaji bila mazoezi hakifiki mbali, na Kanumba alianzia Kaole. Pili, umaarufu haumkingi mtu na hatari. Ugomvi wa dakika chache ulimaliza maisha ya miaka 28 na kumpeleka mwingine gerezani. Tatu, tukipenda kazi ya mtu tuilipie. Na nne, ambalo ndilo kubwa, tusiionee haya lugha yetu. Wapo miongoni mwetu ambao katika shule za msingi walivalishwa kipande cha ubao shingoni kwa kuongea Kiswahili siku ya Kiingereza. Mimi ni mmoja wao. Ubao ule ulinifundisha kunyamaza. Kanumba, ambaye hakuwahi kuniona wala kunijua, alinifundisha kuongea.

Ukinikuta kwenye tamasha mwaka huu na ulimi wangu ukateleza, cheka kidogo, si vibaya. Lakini usiondoke. Ngoja sentensi ya pili.

Mungu ailaze roho ya Steven Kanumba mahali pema peponi.